Siku Nilipomwita Mwajuma "Cousin"

Sisi tuliokwenda shule na fagio mkononi na kidumu cha maji kichwani hatuhitaji kuelezana mengi. Ukimtajia mwenzako namba za wachelewaji, anajishika makalio mpaka leo. Ukimtajia mchakamchaka, magoti yanamuuma. Basi nivumilieni, wenzangu, niwasimulie jambo moja tu la shule yetu pale Kilosa, maana nina mshtuko ambao haujanitoka. Mtu mzima mimi, miaka hamsini na ushee, bibi wa wajukuu wanne, nimeshtuliwa juzi juzi na kitu nilichokifanya nikiwa darasa la tano.

Nyumba yetu ilikuwa ng'ambo ya reli. Saa ya ukutani hatukuwa nayo, honi ya treni ndiyo iliyotuambia wakati wa kuinjika maji ya ugali. Mvua za masika zikinyesha huko milimani, mto Mkondoa ulijaa mpaka ukafika kwenye migomba yetu, na sisi watoto tulifurahi kwa sababu shule ilifungwa na kambare waliokotwa kwenye majaruba kama viazi. Tulikula ugali wa mtama kwa mlenda, ule mlenda wa kuvutika ambao mtoto wa leo ukimwekea mezani anauliza kama chakula kimeharibika. Jioni tulicheza rede mpaka vumbi likatuingia kwenye kope, na aliyejaza mchanga kwenye chupa kabla hajapigwa mpira alikuwa, mara zote, Mwajuma.

Mwajuma alikuwa dada yangu. Au tuseme mdogo wangu, maana nilimzidi wiki tano, na wiki hizo nilizitangaza mtaa mzima. Tulilala kitanda kimoja cha kamba. Mama akinunua kitenge alikikata katikati, magauni mawili, na kipande kilichobaki kikawa vilemba viwili. Majirani walituita kwa pumzi moja, Zuhura-Mwajuma, na mmoja akitumwa dukani walituma wote. Humo ndani tulikuwa watoto tisa, wa kike sisi wawili tu. Nani katoka tumbo la nani, hakuna aliyejua wala aliyeuliza. Mama yetu alikuwa na usemi wake: "Watoto wanahesabiwa wakati wa kula, wakati mwingine wote ni wangu."

Ndiyo maana nilishtuka mwaka huu, nyumbani kwangu hapa Mikumi, mjukuu wangu mmoja anayesoma shule za basi la njano alipomtambulisha mjukuu mwenzake kwa mgeni. Wanalala chumba kimoja hao, wanagombea mswaki mmoja. Eti, "Huyu ni cousin wangu tu." Chai ilinimwagikia mapajani. Mgeni akadhani nimeungua, akaanza kunipa pole. Sikuwa nimeungua. Neno lile nalifahamu, na sikutegemea kulikuta kwenye kochi langu.

Lilitufikia darasa la tano, kwa mkono wa Mwalimu Tekla. Alikuwa msichana mbichi kabisa kutoka chuoni, ana sketi ya rinda na sauti ndogo, na alitupenda. Yeye ndiye aliyeanzisha neno la wiki. Jumatatu aliandika jina la kitu kwa Kiingereza kwenye pembe ya ubao, akalizungushia duara, na haikuruhusiwa kulifuta mpaka Ijumaa. Kazi yetu ilikuwa kulichukua neno hilo nyumbani, kulitumia, na kuja kueleza tumelitumiaje. Wiki ya "bucket" akina mama wa Kilosa walikoma. Wiki ya "goat" baba yangu alimfukuza mbuzi shambani akimtukana kwa Kiingereza, nasi tukaiga, tukachapwa. Jamani tulisoma! Mtoto wa leo ana kamusi nzima kwenye simu na hajui bucket linakaa wapi.

Jumatatu moja Mwalimu akaandika "cousin".

Akaeleza. Mtoto wa mjomba ni cousin. Mtoto wa shangazi ni cousin. Tukatikisa vichwa, hao tunawajua, hao ni watani wetu, unaweza kumtukana na hata kumwoa. Akaendelea: mtoto wa baba mdogo, cousin. Mtoto wa mama mkubwa, cousin. Darasa likaguna. Athumani, aliyekuwa na mdomo kuliko sisi wote, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, mtoto wa mama mkubwa si ndugu?"

"Kwa Kiswahili ni ndugu. Kwa Kiingereza ni cousin."

"Na mtani naye cousin?"

"Naye."

"Wa kike na wa kiume?"

"Wote, Athumani. Kaa chini."

Tulipigwa na butwaa. Mimi niliwahurumia Wazungu, nakumbuka vizuri. Niliwaza kwamba ni watu maskini sana hao, wana neno moja la kuwatilia watu wote hao, kama familia yenye bakuli moja. Sikujua kwamba wa kuhurumiwa ni sisi.

Mwalimu akatoa kazi ya Ijumaa. Kila mmoja alete cousin wake kwa sentensi, na atakayemleta cousin ambaye darasa linaweza kumwona kwa macho atapigiwa makofi ya kilo. Mnayakumbuka makofi ya kilo? Kwa makofi yale mimi ningeuza mbuzi wa baba. Tatizo langu ni kwamba watoto wa mjomba walikuwa Kidodi huko, tukiwaona mara moja kwa mwaka wakija na miwa. Basi nikamwendea Bibi, mama yake Mama, aliyekuwa uani anapeta kunde. Bibi alikuwa akiongea Kisagara muda mwingi, Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu.

"Bibi, hivi sisi hatuna mtoto wa mjomba au wa mama mkubwa hapa shuleni kwetu?"

"Mwana wa Tatu si mnaye huko?"

"Tatu yupi?"

"Tatu, dada ya mama yako. Aliyemzaa Mwajuma." Akaendelea kupeta. Alisema kama mtu anayekwambia leo ni Jumatano.

Nilishtuka. Sikuwahi kusikia habari za mtu anayeitwa Tatu, wala sikuwahi kuota kwamba Mwajuma alikuwa na mama mwingine. Nataka mnielewe: haikuwa siri. Bibi hakunong'ona. Lilikuwa jambo lisilo na kazi, basi halikutolewa, kama nguo iliyokunjwa chini ya sanduku. Aliyelitafutia kazi ni mimi. Na haya ndiyo yanayoniaibisha: mshtuko wangu haukudumu. Kabla kunde hazijaisha ungoni nilishaanza kusikia makofi ya kilo masikioni. Nilikaa na habari ile siku mbili nzima, nikala na Mwajuma, nikasuka naye nywele, nikalala naye shuka moja, sikumwambia.

Ijumaa nilikuwa wa kwanza kunyoosha kidole. Nikasimama. Mwajuma alikuwa amekaa pembeni yangu, dawati letu moja, anachonga penseli kwa wembe. Nikamwekea mkono begani ili darasa limwone, nikasema kwa sauti ya juu, kila neno mahali pake:

"Mwajuma is my cousin."

Athumani akacheka, akasema mwongo huyo, ni dada yake. Mwalimu naye akaniuliza nina hakika. Nikaeleza yote, Tatu, Bibi, kila kitu, kwa fahari kabisa. Mwalimu Tekla akamtazama Mwajuma, nadhani aliona kuna kilichoharibika, lakini alikuwa mgeni na kijana na alikuwa ameshaahidi. Akasema vizuri sana. Darasa likapiga makofi ya kilo. Mimi nikainama kama waziri. Mwajuma aliendelea kuchonga ile penseli mpaka ikaisha.

Siku hiyo hakulia. Angelia ningeelewa. Alichokifanya kilinishtua kuliko kilio. Tulifika nyumbani, mimi nikachota maji mtungini nikanywa kama kawaida, nikatupa kata. Mwajuma akasimama kando ya mtungi, mikono nyuma, akamwambia Mama, "Naomba maji ya kunywa." Mama akadhani utani, akamwambia anywe. Kesho yake akaomba ruhusa ya kukaa jikoni. Wakati wa kula alinawa mikono wa mwisho, na nyama akawa haigusi mpaka apewe. Mtoto aliyekuwa akinyang'anya ukoko wa ugali sufuriani! Alikuwa amegeuka mgeni kwenye nyumba aliyotambaa, na alikuwa mgeni mwenye adabu sana.

Siku ya nne Mama aliweka mwiko chini.

"Mwajuma, nani amekwambia uombe maji kwenu?"

"Mimi ni cousin, Mama."

"Ni nini hiyo? Ugonjwa?"

Mwajuma akanitazama mimi. Mama naye akanitazama. Basi ikabidi nieleze, na nilipojaribu kueleza kwa Kiswahili nikakuta kila nikisemacho kinakuwa kibaya. Nikasema ni mtu ambaye ni ndugu lakini si ndugu hasa. Nikasema ni mtoto wa nyumbani lakini wa kwingine. Mama alikaa chini kwenye kigoda taratibu, kama mtu aliyepigwa nyuma ya magoti. Sijawahi kumwona vile, si kabla, si baada. Akaiacha mboga ikaungua, na Mama yetu hakuwa mtu wa kuunguza mboga.

Kisha akatuita wote wawili mbele yake. Hakuniinulia mkono. Alisema hivi, na maneno haya nayajua kama Alhamdu:

"Tatu alipofariki akijifungua kule Lumuma, wewe Zuhura ulikuwa na wiki tano. Walimleta huyu amefungwa kwenye khanga, analia njaa. Nikamweka ziwa la kushoto, wewe wa kulia. Mlinyonya mkalala. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza huyu mwenzangu ni nani. Sasa leo mmejifunza kuuliza."

Adhabu aliyonipa haikuwa fimbo. Alitutoa kwenye kazi nyingine zote, akatupa kinu kimoja na michi miwili, tutwange mtama wa nyumba nzima kwa wiki mbili, mimi na Mwajuma peke yetu. Mliotwanga mnajua. Kutwanga wawili ni kupokezana, huyu anapandisha, yule anashusha, na ukiwa na kinyongo michi inagongana na vidole vinaumia. Siku ya kwanza tuligongana mpaka nikatoka malengelenge. Siku ya tatu mapigo yakaanza kukaa. Siku ya tano Mwajuma akanitukana kwa sababu nilikuwa nashusha kwa uvivu, na Mama alipolisikia lile tusi akiwa ndani alicheka peke yake. Jioni ile Mwajuma alichota maji akanywa bila kuomba. Mwalimu Tekla naye alisikia, akaja nyumbani, akapiga magoti, akamwambia Mama shikamoo na samahani kwa pamoja. Mama akampa maboga mawili. Neno la wiki likaendelea, Jumatatu iliyofuata lilikuwa "spoon".

Nikajua yameisha. Sikuliwaza tena. Tulikua, Mwajuma akaolewa Msowero, mimi nikaja Mikumi. Nilizaa akanilea, alizaa nikamlea. Kila Idd tulikutana Kilosa kwa Mama, tukapika pamoja, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Ningeulizwa na malaika, ningeapa kwamba dada yangu hana doa moyoni.

Mwezi uliopita Mama alifariki. Alikuwa mzee, ameugua muda, tulijiandaa, lakini nani anajiandaa akaweza. Nyumba ikajaa. Mnajua msiba wetu unavyokaa: wafiwa wa kike ndani kwenye mkeka, majirani na mashemeji nje wanapika. Mwoshaji, mama mmoja mtu mzima wa mtaa ule ule, alipomaliza kuandaa maji akatoka mlangoni kwa marehemu, akauliza mabinti wa marehemu ni wangapi.

"Wawili," nikasema.

"Mkubwa ndiye akae kichwani. Ni nani?"

"Mimi."

Nikageuka kumshika Mwajuma mkono. Hakuwepo. Niliangalia mkeka mzima, mama mdogo yupo, wakwe wapo, Mwajuma hayupo. Nikatoka nje. Nilimkuta uani kati ya wapishi, ungo mapajani, anachambua mchele. Siku anayozikwa mama yake! Nilishtuka hata khanga ikanianguka.

"Mwajuma, unafanya nini huku? Tunasubiriwa."

"Nendeni nyie watoto," akasema, wala hakuinua macho. "Niacheni mimi nipike."

"Watoto gani? Una wazimu?"

"Uliniambia mwenyewe, Zuhura. Ulisimama darasani, ukanishika bega, ukapigiwa makofi." Alilisema bila hasira, kwa ile adabu ya siku ile ya mtungi. "Mimi ni cousin. Cousin anakuja msibani, anasaidia kupika."

Miaka arobaini! Palepale, mbele ya wapishi, nikaanza kuyaona mambo niliyokuwa nikiyaangalia tu. Kila Idd mimi nilikuwa naingia kwa Mama kama upepo, navua viatu popote, nafunua masufuria. Mwajuma alisimama mlangoni na kapu lake, akapiga hodi, akangoja kuitikiwa karibu. Siku zote hizo nilisema dada yangu ana heshima, mtazameni, nyie wanangu igeni. Kumbe nilikuwa nawaonyesha jeraha nililolifanya mimi.

Nilimwita kwa jina, hakuinuka. Nikamwita tena. Ndipo likanijia jambo ambalo nililijua tangu utotoni na sikulitii hata siku moja, kwa sababu ya zile wiki tano zangu. Kwa mila za kwetu mtoto wa mama mkubwa ndiye mkubwa, hata akizaliwa baada yako, hata ukimzidi miaka kumi. Tatu alikuwa mkubwa wa Mama. Kiingereza hakina habari hiyo, lakini mimi nilikuwa nayo, na nilikuwa nimeikalia.

Nikapiga magoti kwenye majivu, karibu na mafiga.

"Shikamoo, dada," nikasema. Sikuwahi kumwamkia maishani mwangu. "Mimi nilidanganya huko ndani, nimesema mkubwa ni mimi. Njoo ukae kichwani kwa Mama."

Akasema, "Marahaba," akaweka ungo chini, mchele ukamwagika. Tukaingia. Yeye akamshika Mama kichwa, mimi nikamwaga maji.

Baada ya maziko, tumekaa wawili kwenye mkeka, nikamwomba msamaha. Nilidhani nimeshamaliza kushtuka kwa siku hiyo. Mwajuma akaniambia, "Msamaha nilishakupa zamani. Kukaa kule uani nilitumwa."

"Ulitumwa na nani?"

"Na Mama. Ramadhani iliyopita, alipozidiwa, aliniambia, 'Siku yangu ikifika usiingie kuniosha mpaka Zuhura akuite unavyostahili.' Akasema aliyelitoa neno ndiye wa kulirudisha, yeye alijaribu na kinu, likarudi nusu."

Kumbe Mama naye alizisikia zile hodi, kila Idd, na alijua.

"Na nisingekuita je?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akacheka. Akasema, ataita. Yule si mbaya, ni mzito tu wa kuelewa."

Siku hizi wajukuu zetu wana kundi lao kwenye simu, wamelipa jina "Cousins", na wanapendana humo, sitawasingizia. Wakikoseana, anayejuta anabonyeza mahali, ujumbe unafutika kwa wote, wanaendelea na vichekesho vyao. Nawacheka kwa mengi, mlenda hawali, mtama hawaujui, salamu mpaka wakumbushwe. Lakini kwa hilo la kufuta nawaonea wivu. Enzi zetu neno likishatoka mbele ya darasa lilikaa huko lilikoangukia mpaka mwenyewe alifuate kwa miguu. Mimi langu nimelifuata miaka arobaini, na siku nilipolifikia, yule aliyekuwa akingoja kunisikia alikuwa amelazwa chumba cha pili, masikio yameshatiwa pamba.